Maldives kwa bajeti ndogo: tupange safari humu, namba mezani

Nahodha wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ukitaja Maldives kwenye mazungumzo ya safari, watu wanacheka. Wanaambiana hiyo ni ya wachezaji mpira na wenye fungate za mikopo. Picha zilizojaa mitandaoni ni za vibanda vilivyojengwa juu ya maji, na kweli vipo, na kweli usiku mmoja unaweza kukutoka dola elfu moja. Ila hiyo ni Maldives ya risoti. Ipo nyingine ya wananchi wenyewe: gesti za vyumba sita au kumi, msikiti, duka la mtaa, watoto wanakimbiza baiskeli kwenye njia za mchanga, na bahari ni ileile. Uzi huu ni wa hiyo.

Kwa wasiojua, utalii wa Maldives ulianza 1972, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja hoteli moja, mtalii huku, mwananchi kule. Kuanzia 2009 ndipo wananchi wakaruhusiwa kufungua gesti kwenye visiwa wanavyoishi. Bei zote za chini mnazoziona leo zimetokana na mabadiliko hayo. Maafushi, kisiwa kidogo kusini mwa mji mkuu Malé, ndicho kilichotangulia kuchangamka, vingine vikafuata.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Wengi wanapanga kwa kuanza na tiketi ya ndege ya bei poa, halafu chumba cha bei poa, halafu mwisho kabisa wanauliza "hivi nitafikaje huko?" Kwa Maldives hapo umeshaliwa. Ile nchi ina visiwa karibu 1,200, vinavyokaliwa na wananchi hata 200 havifiki, na vimetawanyika kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800. Kila ukihama kisiwa unalipa. Kila ukikosa boti unalipa zaidi. Kwa hiyo mimi napanga hivi: kwanza kisiwa, pili ratiba ya boti ya kisiwa hicho, tatu ndege inayotua kwa saa zinazoendana na boti, na chumba ndiyo cha mwisho. Vyumba havikosekani.

Ulizeni, nitajibu ninayoyajua. Na wenye uzoefu mwageni madini.

---

Mzee wa Hesabu

Mkuu, maneno matamu, weka namba. Mimi nimeona chumba dola 45 kwa usiku, watu wawili, chai ya asubuhi ndani. Hiyo ndiyo bei au kuna danadana?

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Danadana ipo, na imeandikwa palepale ila watu hawaisomi. Angalia mbele ya hiyo 45 kama kuna alama mbili za kujumlisha, ++. Maana yake bado hujawekewa ada ya huduma na kodi.

Twende na 45 yako. Ada ya huduma asilimia 10, inakuwa 49.50. Juu ya hiyo inakuja kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo kuanzia Julai 2025 ni asilimia 17 (kabla ya hapo ilikuwa 16). Tayari uko kwenye 57.90 na ushee. Bado kodi ya kijani. Hiyo hailipwi kwa chumba, inalipwa kwa kichwa kwa kila usiku: dola 6 kwenye gesti zisizozidi vyumba 50 katika visiwa vya wananchi, dola 12 kwenye risoti na hoteli kubwa. Iliongezwa maradufu Januari 2025, kwa hiyo makala za zamani zinazosema dola 3 zipuuze. Ninyi ni wawili, ongeza 12. Chumba cha 45 kimefika 70 kasoro senti.

Sio wizi, ni sheria, na karibu kila gesti iko hivyo. Ninachokerwa nacho ni watu kulinganisha gesti iliyoandika 45++ na iliyoandika 65 kila kitu ndani, halafu wakakimbilia ya 45.

---

Mzee wa Hesabu

Hapo nimekusoma. Endelea basi, nipigie wiki nzima, watu wawili, kisiwa kimoja. Ndege weka pembeni.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Chukua Maafushi kwa sababu ndiyo rahisi kufikika. Usiku saba kwa 70 ni 490. Boti ya mwendo kasi kutoka uwanja wa ndege ni kama dola 25 kwa mtu kwa safari moja, kwa hiyo kwenda na kurudi watu wawili ni 100. Chakula cha mchana na cha usiku, mkila kawaida tu, weka 10 kwa sahani: wawili, milo miwili, 40 kwa siku, 280 kwa wiki. Matembezi ya baharini mawili, 40 kwa mtu kila moja, 160. Jumla 1,030, yaani 515 kila mmoja.

Hizo bei za boti, chakula na matembezi ni za kukadiria, zinapanda na kushuka kulingana na msimu na ubishi wako. Lakini mfupa wa bajeti ni huo.

Ukitaka kubana zaidi, bana kwenye boti. Ipo feri ya umma kutoka Malé, nauli ni dola chache tu, inachukua kama saa moja na nusu ambapo boti ya kasi inatumia nusu saa na kidogo. Kwa watu wawili, hiyo 100 inashuka hadi chini ya 20. Shida ni ratiba: feri sio daladala, mara nyingi inaondoka mara moja au mbili kwa siku, na IJUMAA HAKUNA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Vilevile feri haiondokei uwanja wa ndege. Uwanja uko kisiwa cha Hulhulé, inabidi uvuke kwenda Malé kwanza (kuna kivuko, na tangu 2018 kuna daraja, basi linapita), halafu uende gati la Villingili upande wa pili wa mji. Na mizigo yako. Na jua lile.

Kwa hiyo feri ni ya mtu anayetua asubuhi na hana haraka. Ukitua jioni sahau.

---

Jongoo Mpole

Mimi nina swali la kijinga. Kwa nini nisichukue risoti yenye ofa? Kuna moja nimeiona usiku dola 150 kila kitu ndani, chakula mpaka vinywaji.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Sio la kijinga, ni mtego maarufu. Nenda kwenye ukurasa wao sehemu ya usafiri. Kama kisiwa kinafikiwa kwa ndege za kutua majini, andaa dola 400 hadi 600 kwa kichwa, kwenda na kurudi, na huna njia nyingine maana kisiwa chote ni chao. Tena zile ndege haziruki usiku. Ukitua Malé jua limezama, unalala mjini kwa gharama zako na kule risoti chumba chako kinahesabika kama kawaida.

Ukiwa na hamu ya kuonja risoti, wapo wanaouza kibali cha kushinda siku moja: boti inakuchukua asubuhi kutoka kisiwa cha gesti, unaogelea, unakula, jioni unarudishwa. Mara nyingi ni dola 100 na kuendelea. Picha utapiga zote unazotaka.

---

Binti wa Pwani

Kaka Nahodha, mimi nauliza ya kina mama. Nasikia bikini ni marufuku, mwingine anasema ruksa. Na ukienda peke yako?

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Dada, hapo ningependa ajibu mwanamke aliyekaa kule. Nijuavyo kisheria: ni nchi ya Kiislamu, na kwenye visiwa vya wananchi nguo za kuogelea zinavaliwa kwenye ufukwe maalumu tu. Wanauita bikini beach, una bango, mara nyingi umezungushiwa makuti au miti. Ukitoka pale unajifunika mabega na magoti, na wanaume nao wanavaa fulana, sio kutembea kifua wazi mtaani.

---

Mama Kasa

Nipo dada. Mimi navaa vazi la kuogelea la stara, lile la mwili mzima, na nilikuwa huru kuingia baharini popote, hata ufukwe wa wenyeji ambako akina mama wa kisiwa huoga jioni na nguo zao. Wenye bikini walibanana kwenye kipande chao, na visiwa vingine kipande chenyewe ni kifupi, basi asubuhi mnagombea kivuli. Kabla hujalipia gesti angalia kwenye ramani huo ufukwe una urefu gani na uko mbali kiasi gani na chumba chako. Hakuna anayekwambia hili.

Peke yako? Nilitembea usiku bila wasiwasi. Kisiwa kidogo, kila mtu anamjua kila mtu, mgeni anaonekana toka anashuka kwenye boti. Malé yenyewe ni jiji, pale shika mkoba wako kama ungeushika jiji lolote.

Pombe hakuna kwenye visiwa vya wananchi, hata ya kuficha chumbani. Usibebe kwenye begi, forodha wanaichukua, utaikuta siku ya kuondoka. Maafushi kuna meli zilizotia nanga nje kidogo ya kisiwa, hizo zina baa, wanaopenda wanapelekwa kwa boti ndogo. Nyama ya nguruwe pia usibebe. Na sigara za umeme zimepigwa marufuku tangu mwishoni mwa 2024, hizo hata kuingia nazo hairuhusiwi.

---

Mzee wa Hesabu

Haya ya pombe yanapunguza bajeti kuliko hata feri 😂

---

Kidau

Mnaongelea Maafushi tu. Mimi kusema kweli Maafushi sikuipenda. Gesti zimepandana, boti zinavuma toka alfajiri, na matumbawe ya pale ukiogelea kutoka ufukweni hayana maajabu. Ukiwa pale unalipia boti kila siku kwenda kuona samaki. Sasa umeokoa nini?

Tafuta kisiwa ambacho mwamba uko hatua chache kutoka ufukweni, unavaa barakoa yako na bomba la kupumulia, unaingia mwenyewe bure. Ukulhas, Thoddoo, Rasdhoo, hivyo vitatu ningevitanguliza. Thoddoo ina cha ziada, ni kisiwa cha wakulima: matikiti maji na mapapai yanalimwa palepale, na kwenye nchi ambayo karibu kila kitu kinaletwa kwa meli, tunda lililochumwa asubuhi ni anasa. Unanunua papai zima kwa mkulima, mchana hulipii mgahawa.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Kidau, hapo umenigusa. Kweli tupu, Maafushi ni kituo cha kuanzia na hesabu yangu niliiweka kwa sababu ya nauli. Ila ongezea haki: boti ya kwenda Thoddoo au Ukulhas ni ghali kuliko ya Maafushi, na safari ni ndefu. Kwa mtu wa usiku tatu Maafushi inashinda. Kwa mtu wa wiki, uko sahihi, tofauti ya nauli unairudisha kwa kutolipia matembezi.

Barakoa na bomba beba zako kutoka nyumbani. Za kukodi zinavuja, na ukikodi kila siku kwa wiki umenunua mpya.

---

Papa Mdogo

Wazee nani kaona papa potwe (whale shark)? Ndiyo ndoto yangu.

---

Kidau

Kisiwa cha Dhigurah, kusini mwa atoli (kundi la visiwa vya matumbawe) ya Ari. Eneo la bahari la kule ni hifadhi tangu 2009 na potwe wanaonekana mwaka mzima, ingawa kuna siku boti inarudi patupu, na hela hairudi. Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba, unatembea mpaka ncha ya kusini unakuta ulimi wa mchanga unaingia baharini, bure kabisa. Boti ya kasi kutoka Malé ni kama saa mbili, dola 50 hadi 70 kwenda tu.

Nikwambie inavyokuwa ili usije na matarajio ya sinema. Boti inatembea polepole pembezoni mwa mwamba, kijana amesimama juu ya paa anatafuta kivuli kwenye maji. Akiona anapiga kelele, injini inapunguzwa, "ruka, ruka, ruka!" Unaruka na povu lote, barakoa imejaa ukungu, unageuka huku na huku huoni kitu, halafu chini yako ukuta wenye madoadoa meupe unapita taratibu na hauishi. Kumbe hajali uwepo wako. Ndani ya dakika mbili boti nyingine tatu zimefika na maji yamejaa miguu ya watu.

Hapo ndipo adabu inahitajika. Mwongozo wao unasema kaa mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani, usimguse, usitumie mwanga wa kamera. Kabla ya kulipa muulize nahodha kuhusu hizo mita. Akicheka, tafuta mwingine.

---

Mama Kasa

Kidau, hilo la boti kurundikana liliniudhi mpaka nikabaki juu. Bora kasa, hawana haraka na hawafuatwi na msafara.

---

Bakari wa Gatini

Mada ya msimu mmeiruka. Kwa sisi watu wa bahari ni rahisi kuelewa maana pepo ni zilezile. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kule ni kukavu, bahari imetulia, na bei iko juu, hasa Krismasi na mwaka mpya. Kusi, kuanzia Mei mpaka Novemba, kuna mvua na mawimbi, bei inashuka. Gesti nyingi unaweza kuongea nazo moja kwa moja wakakupunguzia, ukitaja usiku tano au zaidi.

Watu wanadhani kusi ni msimu wa hasara. Mimi nasema inategemea unataka nini. Wale samaki taa wakubwa, manta, wanakusanyika ghuba ya Hanifaru, atoli ya Baa, wakati wa kusi, kuanzia Juni mpaka Novemba hivi, kwa sababu upepo huo na mikondo yake inasukuma chakula chao, vijidudu vidogo vya majini, mpaka kinajaa ghubani. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, ndiyo hukusanya zaidi. Kwa hiyo ukipanga tarehe angalia na kalenda ya mwezi. Atoli ya Baa ni hifadhi ya UNESCO ya viumbe hai tangu 2011, pale Hanifaru kupiga mbizi kwa mtungi hairuhusiwi, ni kuelea juu na barakoa tu, na mlango una ada. Unalala Dharavandhoo, gesti zipo, na Hanifaru iko jirani kwa boti.

Ila kusi inakuja na hatari moja ya bajeti: boti kuahirishwa. Usiweke siku ya kurudi Malé ikawa siku hiyohiyo ya ndege. Rudi jana yake, ulale Hulhumalé, kisiwa cha jirani na uwanja wa ndege.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Bakari, heshima yako. Hilo la mwisho mimi ningelifanya hata kaskazi.

Na mwezi wa Ramadhani pia uingie kwenye kalenda. Mchana migahawa ya wenyeji inafungwa, gesti zinawahudumia wageni wao ndani. Bei inaweza kuwa nzuri, ila ukizoea kula mitaani utapata tabu. Kwa anayefunga, jioni pale ni raha tupu.

---

Jongoo Mpole

Msosi wenyewe ukoje? Maana dola 10 kwa sahani inaniuma.

---

Mama Kasa

Samaki jodari, samaki jodari, halafu samaki jodari. Asubuhi ni mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi iliyokunwa mbichi, kitunguu, pilipili, ndimu, vyote vinavurugwa kwa mkono na kuliwa na roshi, chapati yao nyembamba. Ukiikuta kwenye chai ya gesti, kula ushibe, mchana utasahau. Jioni ingia kwenye vibanda vya chai vya wenyeji, wana vitafunwa vyao wanaviita hedhikaa, vya kukaanga na vya kuoka, ndani jodari tena. Vipande vinne na chai ya maziwa ni pesa ndogo, na pale unalipa kwa rufiyaa. Dola moja ni rufiyaa 15.42 kwa bei rasmi.

Dola 10 ni ya migahawa ya ufukweni yenye menyu ya picha. Huko nako angalia chini kabisa ya menyu kama bei imejumuisha kodi. Ile ++ ina ndugu zake.

Pesa taslimu beba, visiwa vidogo mashine ya benki inaweza kuwa moja tu na ikagoma.

---

Mtu wa Nyaraka

Naongeza ya makaratasi kabla uzi haujaenda mbali. Viza ya utalii ya siku 30 inatolewa bure ukifika, kwa raia wa karibu nchi zote, isipokuwa wenye pasipoti za Israeli, waliozuiwa kuingia tangu Aprili 2025. Wanaangalia pasipoti hai, tiketi ya kurudi, uthibitisho wa chumba na kwamba una pesa ya kujikimu. Kabla ya kuingia na kabla ya kutoka unajaza fomu ya mtandaoni inayoitwa IMUGA, ndani ya saa 96 kabla ya safari. Fomu ni BURE. Ukitafuta kwenye mtandao unakutana na tovuti zenye nembo nzuri zinazodai malipo, hizo sio za serikali.

Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, cheti cha chanjo kiwe mkononi, na uwe umechanjwa siku 10 kabla. Ukishachanja ni ya maisha, usikubali kuuziwa upya.

Ada za kuondokea uwanja wa ndege zilipanda Desemba 2024 lakini ziko ndani ya tiketi, asikudai mtu pembeni.

---

Papa Mdogo

Na kwenye kurudi, makombe na matumbawe yaliyokufa ufukweni ruksa kuokota?

---

Mtu wa Nyaraka

Hapana mkuu. Kutoa makombe na matumbawe nje ya nchi ni kosa, hata mchanga acha. Begi linapita kwenye mashine na wanajua wanachotafuta.

---

Mwana Historia

Nje ya mada kidogo. Yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa kadhi Maldives miaka ya 1340. Alikasirika kwamba wanawake hawajifuniki kifua na hawakumsikiliza. Naona tangu zamani kuna mzozo wa mavazi kule. Ukipita Malé tenga saa moja ukaone Msikiti wa Ijumaa wa zamani, wa 1658, kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochongwa. Hiyo ni ya bure kuitazama.

---

Mzee wa Hesabu

Kadhi hakulipa kodi ya kijani huyo.

---

Mvumilivu

Mimi nina lalamiko. Gesti niliyofikia (jina naliacha) iliandika "usafiri kutoka uwanja wa ndege upo". Nikaelewa ni bure. Nilipofika nikadaiwa nauli ya boti kamili, tena juu kuliko ya wale waliokata wenyewe.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Pole ndugu. "Upo" haimaanishi umelipiwa. Waandikieni ujumbe kabla, waulizeni boti ya jina gani, inaondoka saa ngapi, kiasi gani kwa mtu, na kwenda na kurudi ni kiasi gani. Jibu lao lipigie picha ya skrini. Ukiwa na majibu ya gesti mbili za kisiwa kimoja unajua bei halisi, maana boti ni zilezile.

---

Sele wa Bajeti

Wakuu nimesoma uzi wote. Nataka mnikague kabla sijalipa. Mimi na mke wangu, Dhigurah usiku sita. Ndege niliyoipata inatua Alhamisi 20:45, ni ya bei ya chini kuliko zote, nimeokoa dola 60 kwa kila mtu ukilinganisha na ya Jumapili inayotua 09:10. Vipi?

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Usilipe kwanza. Tuifuate hiyo ndege mpaka kitandani.

Unatua saa tatu kasorobo usiku. Uhamiaji, mizigo, unatoka saa nne. Boti ya Dhigurah saa hizo haipo, ya kukodi peke yenu usiku sitaki hata kuitaja bei. Kwa hiyo unalala Hulhumalé: chumba, kodi ya kijani ya wawili, teksi kwenda na kurudi, chakula cha usiku. Weka 80 kwa ubahili. Kesho yake ni Ijumaa. Feri hakuna, na boti za kasi siku hiyo zinapungua au zinapangwa kukwepa muda wa sala, kwa hiyo unaweza kuondoka mapema sana au kungoja mpaka alasiri. Ukingoja, umekula mchana mjini na umepoteza siku ya ufukweni, na usiku mmoja wa Dhigurah umeupunguza au umeulipia bila kuulalia.

Uliokoa 120 kwa wawili. Ukitoa 80 imebaki 40. Toa mlo wa mchana wa Ijumaa, imebaki 20. Kwa 20 umeuza karibu siku nzima ya likizo.

Ya Jumapili inatua saa tatu na dakika kumi asubuhi, unatoka uwanjani, unaenda gatini palepale nje, jioni haijafika uko ndani ya maji.

---

Bakari wa Gatini

Na hiyo Jumapili muulize mwenye gesti kama kuna boti ya kabla ya mchana. Kama ya kwanza ni alasiri, acha mizigo uwanjani mkazunguke Malé, mkaone huo msikiti wa Mwana Historia.

---

Sele wa Bajeti

Nimewaandikia gesti mbili. Moja imejibu: Jumapili kuna boti ya saa tano asubuhi na ya saa kumi jioni, dola 60 kwa mtu, wanahitaji namba ya ndege ili watuwekee nafasi. Nyingine haijajibu. Nachukua ya Jumapili. Mke anauliza kama barakoa za watu wenye miwani zipo.

---

Kidau

Zipo, zina lenzi za namba kama miwani. Nunueni kabla ya safari, msitegemee kuzipata kisiwani. Na mzijaribu hata kwenye ndoo ya maji nyumbani kabla hamjapanda ndege.